Umekojoa damu mara moja, kesho yake mkojo umerudi kawaida? Bado unatakiwa kwenda hospitali

Damu kwenye mkojo ina tabia moja mbaya: inakuja, halafu inaondoka yenyewe.

Leo asubuhi mkojo ni mwekundu kama maji yaliyoosha nyama. Jioni rangi imepungua. Kesho kutwa ni wa njano kama siku zote, na mtu anashusha pumzi. Kama alikunywa maji mengi siku hiyo, anayasifu maji. Kama alikunywa mitishamba, anaisifu mitishamba. Kama hakunywa kitu chochote, anasema "ilikuwa joto tu la mwili".

Shida ni kwamba mawe kwenye figo, kichocho, na hata saratani ya kibofu, vyote vinaweza kutoa damu siku moja halafu vikanyamaza wiki kadhaa au miezi. Damu imesimama, lakini kilichoitoa kipo palepale.

Ndiyo maana madaktari hawabishani sana kwenye jambo hili: mtu mzima akiona damu kwenye mkojo kwa macho yake, hata mara moja, hata bila maumivu yoyote, achunguzwe mpaka chanzo kijulikane.

Wingi wa rangi nao usikuchanganye. Mililita moja tu ya damu inatosha kubadilisha rangi ya lita nzima ya mkojo. Kwa hiyo mkojo mwekundu haumaanishi kwamba umepoteza damu nyingi. Lakini pia mkojo unaoonekana safi kabisa unaweza kuwa na damu ambayo ni hadubini tu inaiona.

Kwanza, je, ni damu kweli?

Sio kila mkojo mwekundu ni damu. Ukila bitiruti nyingi, mkojo unaweza kutoka wa pinki. Wanaotumia dawa za TB wanajua hili: rifampisini inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu, na hata machozi na jasho vinabadilika. Metronidazo, dawa inayotumika sana kwa matatizo ya tumbo, inaweza kuufanya mkojo uwe wa kahawia.

Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, huku macho yamekuwa ya njano, mara nyingi ni habari ya ini. Na mgonjwa wa malaria kali anaweza kutoa mkojo mweusi kwa sababu chembe nyekundu za damu zinapasuka ndani ya mishipa. Huyo asisubiri kesho, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kwa wanawake kuna swali la ziada: damu inatoka kwenye mkojo au ukeni? Hedhi inaweza kuingia kwenye kikopo cha kipimo na kumpotosha kila mtu. Lakini kama umeshafikia ukomo wa hedhi na unaona damu chooni, haijalishi inatoka njia ipi. Zote mbili zinahitaji daktari.

Kama hujui ni nini, usikae nyumbani ukikisia. Kipimo cha kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kinatoa jibu la awali ndani ya dakika chache, na zahanati nyingi wanacho.

Jambo dogo lakini linasaidia sana: piga picha kwa simu. Najua, nani anapiga picha ya mkojo? Lakini ukifika hospitali siku tatu baadaye na mkojo umeshakuwa safi, picha hiyo itamwonyesha daktari kama ilikuwa pinki, nyekundu ya damu mbichi, au kahawia, na kama kulikuwa na mabonge. Kila kimoja kinaelekeza sehemu tofauti.

"Dada, nina UTI"

Mazungumzo haya yanatokea kwenye maduka ya dawa kila siku.

"Shikamoo dada. Naona UTI imenirudia, naona na damu kidogo."

"Marahaba mdogo wangu, pole. Chukua hii sipro, asubuhi na jioni siku tano."

Hapo hakuna aliyepima kitu. Kweli, maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuleta damu, hasa kwa wanawake. Mtu anasikia mkojo unachoma, anabanwa kila dakika, tumbo la chini linauma, mkojo una harufu. Kwa mwanamke kijana mwenye dalili hizi, UTI ni jibu linalowezekana sana.

Lakini siku hizi neno UTI limekuwa kapu la kutupia kila kitu. Mgongo ukiuma ni UTI, homa ni UTI, uchovu ni UTI. Mtu anaweza kumeza antibayotiki mara nne kwa mwaka bila hata siku moja mkojo wake kuoteshwa maabara kuona kama kuna bakteria.

Na hapa wanawake wanaumia zaidi. Imeonekana katika nchi mbalimbali kwamba saratani ya kibofu kwa wanawake mara nyingi inagundulika kwa kuchelewa kuliko kwa wanaume, na sababu mojawapo ni hii: kila wakilalamika kuhusu damu, wanapewa dawa za UTI. Damu inaacha yenyewe, wanaamini dawa imefanya kazi. Inarudi, wanapewa nyingine. Miezi inapita.

Kwa hiyo ukiambiwa ni UTI na kuna damu, uliza mambo mawili. Je, mkojo umepimwa na bakteria au usaha umeonekana? Na baada ya kumaliza dozi, nirudi lini kupimwa kuhakikisha damu imeisha? Kama dozi imekwisha na damu bado ipo, au imerudi, hiyo sio UTI ya kuongezewa dozi nyingine kali zaidi. Hapo inatakiwa kutafutwa sababu nyingine.

Kwa mwanaume, UTI ya kawaida sio jambo la kupita tu. Njia yake ya mkojo ni ndefu na bakteria hawapandi kirahisi. Akipata, kuna uwezekano wa tezi dume, mawe, kuziba kwa njia, au ugonjwa wa zinaa kama kisonono. Apimwe.

Kichocho, ule ugonjwa wa utotoni ambao haubaki utotoni

Ukizungumzia kukojoa damu Afrika Mashariki, lazima ufike kwenye kichocho. Na kuna vichocho viwili. Kile cha tumbo, ambacho ndicho kimetawala kandokando ya Ziwa Victoria, kinaharibu utumbo na ini. Kile cha mkojo kinapatikana zaidi kwenye mabwawa, malambo, vijito na mashamba ya mpunga: Unguja na Pemba, mikoa ya pwani, na maeneo ya ndani ya Kanda ya Ziwa. Kenya kipo sana Kwale, Kilifi na bonde la Mto Tana.

Vimelea wake wanakulia ndani ya konokono wa maji baridi. Wanatoka kwenye konokono, wanaogelea, wakikutana na ngozi ya mtu wanapenya ndani ya dakika chache. Huhitaji kunywa hayo maji. Kuoga, kufua, kuvua samaki au kupanda mpunga kunatosha. Bahari haina kichocho, maana konokono hao hawaishi kwenye maji ya chumvi.

Minyoo ikishakomaa inakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai. Mayai yana mwiba. Yanachoma ukuta wa kibofu yakitafuta njia ya kutoka, na hapo ndipo damu inapotokea, mara nyingi matone ya mwisho wa kukojoa.

Kuna maeneo ambako kijana wa kiume akikojoa damu wazee walikuwa wanachukulia kwamba ndiyo anakua, kama vile msichana anavyopata hedhi. Walikuwa wanaona watoto wengi mno wakipitia hali hiyo. Kitu kikiwapata karibu wote, kinaonekana cha kawaida.

Sio cha kawaida. Mayai yasiyotoka yanabaki kwenye ukuta wa kibofu miaka na miaka. Kibofu kinakuwa kigumu, mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo inaziba, figo zinavimba na kuharibika kimyakimya. Na kichocho cha mkojo cha muda mrefu ni moja ya sababu zinazojulikana za saratani ya kibofu. Kwa wanawake, mayai hayo hayo yanaweza kufika kwenye shingo ya kizazi na uke, yakaleta vidonda, damu baada ya tendo la ndoa, na matatizo ya kupata mimba. Wengi wao wanatibiwa magonjwa ya zinaa ambayo hawana.

Dawa ipo: prazikwanteli, dozi kulingana na uzito, mara nyingi vidonge vya siku moja tu. Meza ukiwa umekula, kwa sababu tumboni kitupu inasumbua. Inaua minyoo iliyokomaa, lakini michanga inaweza kupona, ndiyo maana unaweza kuambiwa urudi baada ya wiki kadhaa kupimwa tena. Na ukirudi kwenye bwawa lilelile, unaambukizwa upya. Dawa sio chanjo.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi zaidi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukipeleka mkojo wa saa kumi na mbili alfajiri, kipimo kinaweza kusema huna wakati unacho. Kama uliwahi kuogelea bwawani, hata miaka mingi iliyopita huko kijijini kabla hujahamia mjini, mwambie daktari, na uulize kuhusu muda wa kutoa mkojo.

Damu isiyouma ndiyo ya kuogopa zaidi

Watu wengi wanapima hatari kwa maumivu. Kinachouma ndicho kibaya, kisichouma kitapita. Kwenye mkojo, mara nyingi ni kinyume.

Jiwe la figo linauma mpaka mtu anagaagaa sakafuni. Maumivu yanaanzia ubavuni, yanashuka hadi kwenye kinena, na kutapika juu. Huyo hata umwambie asiende hospitali, atakwenda. Lakini uvimbe mdogo ndani ya kibofu hauumi. Unatoa damu tu, mara moja moja, huku mtu anakula vizuri, anafanya kazi, hajakonda.

Mwanaume wa miaka 58, mvutaji sigara wa siku nyingi, anaona damu Jumatatu. Jumanne imekwisha. Anaiona tena baada ya miezi miwili, imekwisha. Anakwenda hospitali mwaka unaofuata, pale mabonge ya damu yalipoziba mkojo. Hadithi za aina hii madaktari wa mfumo wa mkojo wanazisikia mara kwa mara.

Tofauti ya kuwahi na kuchelewa hapa ni kubwa sana. Saratani ya kibofu ikiwa bado kwenye utando wa ndani, inaweza kukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, bila kupasua tumbo, na mgonjwa akabaki na kibofu chake akifuatiliwa. Ikishaingia kwenye misuli ya kibofu, huenda ukahitajika upasuaji wa kukitoa kibofu chote, au mionzi na dawa kali. Ikisambaa, mambo yanakuwa magumu zaidi.

Sigara ndiyo inayoongoza kusababisha saratani hii. Wengi wanajua sigara na mapafu, hawajui kwamba sumu za moshi zinachujwa na figo na kukaa kibofuni mpaka ukojoe. Wanaofanya kazi kwa miaka mingi na rangi za viwandani, kemikali za ngozi au mpira nao wako kwenye hatari. Umri pia: ukishapita miaka 40 hivi, damu inayoonekana bila maumivu inatakiwa ichukuliwe kama jambo la haraka. Uingereza, kwa mfano, mwongozo wao unataka mtu wa miaka 45 na kuendelea mwenye damu inayoonekana isiyo ya UTI apewe rufaa ya haraka ya kuangaliwa saratani.

Na wewe unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, au aspirini: usijiambie "ni dawa tu". Dawa hizo zinaweza kufanya kidonda kilichokuwepo kivuje mapema. Bado uchunguzwe. Ila usiziache mwenyewe bila daktari, unaweza kupata kiharusi.

Visababishi vingine, kwa kifupi

Tezi dume iliyovimba inaweza kuvuja damu kwa wanaume wa makamo na wazee. TB nayo inaweza kushambulia figo na kibofu. Mtu mwenye selimundu, na wakati mwingine hata anayebeba tu kinasaba chake, anaweza kukojoa damu kutoka kwenye figo. Mbio ndefu au mazoezi makali sana yanaweza kuleta damu inayoisha ndani ya siku mbili tatu. Hata hivyo ipimwe tena, isisamehewe hivihivi.

Kwa watoto angalia hivi. Mtoto aliumwa koo au alikuwa na majipu na vidonda vya ngozi. Wiki moja hadi sita baadaye mkojo unakuwa kama soda nyeusi, na akiamka asubuhi uso na macho vimevimba. Hizo ni figo zimeathirika, na presha yake inaweza kupanda. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, wala asipewe "dawa ya kukojoa" ya nyumbani.

Usisubiri asubuhi kama:

Mkojo umeziba kabisa, au unatoa mabonge na kibofu kimejaa. Hapo unahitaji kuwekewa mpira wa mkojo na kibofu kuoshwa.

Una homa kali, unatetemeka na ubavu unauma.

Umepata ajali, umeanguka na bodaboda au umepigwa tumboni au kiunoni, kisha ukaona damu. Hata kama unatembea vizuri.

Una mimba na unaona damu, bila kujali unadhani inatoka wapi.

Unasikia kizunguzungu, moyo unaenda mbio, au unataka kuzimia.

Hospitali watafanya nini?

Wataanza na maswali. Damu ilitoka mwanzoni mwa mkojo, mwishoni, au muda wote? Ya mwanzoni huwa inatoka karibu na mlango, kwenye mrija wa mwisho. Ya mwishoni inaelekeza kwenye shingo ya kibofu, tezi dume au kichocho. Ya muda wote inaweza kutoka kibofuni au juu zaidi, kwenye figo. Watauliza sigara, kazi yako, dawa unazomeza, mabwawa uliyoogelea. Usione aibu, na usifiche mitishamba.

Kisha mkojo. Osha sehemu za siri kwa maji, mkojo wa kwanza uache uende, kinga wa katikati, kwenye kikopo safi ulichopewa. Chupa ya soda uliyoisuuza nyumbani haifai. Upeleke maabara ndani ya saa moja au mbili, maana chembe zinaharibika. (Kwa kichocho wanaweza kukutaka ukinge hadi matone ya mwisho, kwa hiyo fuata maelekezo yao.)

Baada ya hapo ni presha, kipimo cha damu cha kuangalia figo, na altrasaundi. Kwa altrasaundi ya kibofu utaambiwa unywe maji na usikojoe. Fanya hivyo kweli, kwa sababu kibofu kitupu hakionekani vizuri.

Altrasaundi inapatikana hospitali nyingi za wilaya. Lakini ijulikane kwamba inaweza kukosa uvimbe mdogo. Ikisema "kibofu kawaida" kwa mvutaji sigara wa miaka 60 aliyekojoa damu, kazi haijaisha. Hapo kinachohitajika ni kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo ili daktari aone ndani ya kibofu kwa macho, na mara nyingi CT skani ya figo. Kwa hilo unahitaji rufaa kwenda hospitali kubwa yenye bingwa wa mfumo wa mkojo, kama Muhimbili, KCMC au Bugando. Hicho kipimo cha kamera ndicho wanaume wengi wanakikimbia. Kinafanyika kwa ganzi, mara nyingi kinachukua dakika chache, na mkojo unaweza kuchoma siku moja au mbili baadaye.

Gharama zinasumbua, hakuna haja ya kujifanya hazipo. Ila unaweza kwenda kwa hatua: kipimo cha mkojo na hadubini ni cha bei nafuu na kinaanzia karibu na nyumbani. Uliza bima yako inalipia nini kabla ya rufaa, na omba rufaa iandikwe wazi kwamba ulikuwa na damu inayoonekana kwa macho, ili usipangwe kwenye foleni ya "UTI sugu".

Na kama vipimo vyote vimetoka safi? Inatokea, na kwa kiasi kikubwa ni habari njema. Omba nakala za majibu uzitunze, kwenye simu zinatosha. Uliza tarehe ya kurudia kipimo cha mkojo. Damu ikionekana tena kabla ya tarehe hiyo, rudi na majibu yako ya mwanzo na ile picha, maana uchunguzi unaanza upya hata kama wa kwanza haukuona kitu.